Kipira cha Mzee Gotthelf

Basi kule Dresden, mtaa wa Striesen, ambako viwanda vya kamera vilipangana kama meno, aliishi mwanamke aitwaye Ottilie Krahmer. Kazi yake ilikuwa kujaza rangi nyeupe katika herufi zilizochongwa kwenye pete za kamera. Pete za kwenda Uingereza zilikuwa na B. Wenzake waliipaka wakapita. Ottilie alitua hapo, akahisi kama inapumua.

Maana alilelewa kwenye studio ya picha. Enzi hizo baba yake, mzee Gotthelf, alishika kipira chenye bomba refu. Akikiminya, upepo unafungua jicho la kamera. Akikiachia, jicho linafumba. Waingereza waliandika kwenye pete herufi ya kwanza ya "bulb", jina walilokiita kipira hicho. Vipira vikaondoka, herufi ikabaki, kama kiti cha marehemu mezani.

Sasa mzee alikuwa anahamia Hamburg kwa mwanawe wa kiume, na studio inafungwa. Aliyepiga picha nusu ya mji hakuwa na picha yake hata moja. Ottilie aliitaka hiyo moja tu.

"Nitapigwa," mzee alisema, "nikiminya mwenyewe. Kamera zenu za kubofya kwa kidole ni kama kumkonyeza mtu njiani."

"Kipira kimezeeka, Baba."

"Na mimi je?"

Kweli kilikuwa kimepasuka kama kisigino. Ottilie alileta kamera mpya, akageuza pete mpaka B, ili jicho libaki wazi muda wote kitufe kikibonyezwa, akalifunga bomba la kipira pembeni kwa uzi kana kwamba limeungwa, kisha kwa siri akaweka kidole kwenye kitufe.

Mwanga ulichuruzika kutoka paa la vioo kama maziwa. Vumbi likaelea. Ngumi ya mzee ikajikunja, kidole kikashuka. Jicho likabaki wazi, na pumzi zao zikaenda pamoja, polepole, kama watu wawili waliosinzia kwenye benchi moja. Ngumi ikafunguka. Kidole kikainuka.

Katika chumba cha giza cha kusafishia picha, sura ikapanda majini taratibu: masharubu, macho, kisha ile ngumi. Mkono uliotetemeka miaka mingi ulikuwa umetulia kama jiwe.

Mzee akaishika picha ikidondosha maji. "Nzuri. Ila ulichelewa kidogo kuachia."

Ottilie akaona haya. "Ulijua?"

"Kipira kilichopasuka, mwanangu, hakisukumi hata nzi. Nilikuwa nasikiliza pumzi yako."

Akakitia kipira mfukoni mwa koti la safari. Picha akamwachia yeye.