Kamera Pekee Ukumbini

Kazi yangu ya kwanza ya harusi niliipata kwa sababu mimi ni mwanamke. Ufundi nilikuwa nao kidogo tu, wa kujifunzia kwenye simu na kwa kuwasumbua majirani zetu wa Shauri Moyo wakianika nguo. Lakini kwa familia za Waswahili wa Majengo na kwa wengi wa Eastleigh, siku ya kupamba ni siku ya wanawake peke yao. Biharusi hukaa jukwaani nywele wazi, mabega wazi, dhahabu shingoni, na mwanamume haingii. Simu hukusanywa mlangoni zikatiwa kwenye kikapu. Kamera inayoruhusiwa ni moja tu, na anayeishika lazima awe mwanamke wa kuaminika. Wapiga picha wengi mtaani ni wanaume, basi nikaitwa mimi.

Nilikuwa na rafiki niliyesoma naye sekondari, naye alikuwa anaanza kazi hiyohiyo upande wa harusi za kanisani. Alikuwa amepanga chumba Tassia, ghorofa ya juu kabisa, mahali ambapo maji hayafiki na jua linafika lote. Kila Jumapili alasiri wachanga wa kazi hii tulikutana kwake, tukakaa juu ya kitanda na juu ya mitungi ya maji, kila mtu akatoa picha moja. Sheria ilikuwa usilete ile aliyoipenda mteja. Lete unayoipenda wewe.

Yake siisahau. Aliipiga katika kanisa la mabati kule Mukuru kwa Reuben. Mama wa bwana harusi alikuwa amevaa viatu vya kuazima, vikamfinya, na katikati ya wimbo akavivua. Kwenye picha amesimama karibu na mwanawe, peku, kichwa juu, viatu mkononi kama mtu aliyebeba samaki. Mwanawe hajamwona bado. Familia haikuitaka picha ile. Rafiki yangu aliichapisha kubwa akaibandika ukutani.

Mimi nilikwenda mikono mitupu kila Jumapili.

"Niaje, leo pia huna kitu?" waliniuliza.

"Ninacho, lakini hamwezi kukiona."

Walicheka. Mmoja akasema huenda hata kamera yenyewe sina. Nami nilicheka, na ndani nilijivuna. Nilijiona mtu wa amana. Akina mama walinivulia shela na buibui wakanipa nyuso zao, nami nikazitunza.

Halafu ikaja harusi ambayo bado inaniuma.

Biharusi alikuwa msichana wa rika langu, mpole, mwenye kicheko cha kujificha. Mama yake alikuwa na duka la vitambaa Eastleigh na sauti ya kuendesha duka hilo. Kabla ya biharusi kupelekwa ukumbini, tulikuwa chumbani: yeye, mpambaji wake, mimi, na nyanya yake aliyekuwa amekaa pembeni na tasbihi. Macho ya nyanya yalikuwa yameshaingia ukungu. Mpambaji alikuwa ameshughulika na uso ule tangu asubuhi. Alipomaliza akarudi nyuma akautazama, akasema, "Mashallah, asiguse mtu."

Nyanya akasema, "Mleteni nimwone."

Biharusi akapiga magoti mbele yake. Nyanya akanyoosha mikono yote miwili, akaanza kumpapasa: paji la uso, nyusi, mashavu, midomo. Poda ikamganda vidoleni, wanja ukavutika mpaka sikioni. Mpambaji alishika kichwa, mdomo wazi, lakini angethubutu kusema nini? Biharusi akaangua kicheko, meno yote nje, macho amefumba. "Huyu ni wangu," nyanya akasema. "Pua ni ya babu yake."

Nilibonyeza wakati huo. Mara moja tu. Nilijua kabla ya kuitazama.

Siku zilizofuata niliifungua picha ile kila nilipochoka na nyingine. Mama wa biharusi alipokuja kuchagua picha, niliiweka mbele kwa makusudi. Akakunja uso.

"Hii ya nini? Uso umechafuka. Watu watasema tulimpambisha kwa mjinga."

"Lakini mama, mwangalie nyanya."

"Nyanya namwona kila siku. Hii usiitie."

Sikuitia. Nilizipanga zile alizochagua, nikazisafisha rangi, nikazitia kwenye flashi ya kuchomeka kwenye kompyuta, nikamkabidhi mkononi mwake. Ile ya nyanya ikabaki kwangu pamoja na zote zilizokataliwa. Nilimwomba biharusi ruhusa kwa simu nikae nayo. "Kaa nayo, dada," akaniambia. "Siku moja nitaitaka."

Haukupita muda mrefu, mama huyo akaja nyumbani kwetu Shauri Moyo na shangazi wa biharusi. Ilikuwa baada ya Alasiri, mlango wazi, majirani nje. Mama yangu, ambaye huuza mitumba ya watoto Gikomba, alikuwa ndiyo kwanza amerudi, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi. Alitaka kuinuka awakaribishe. Hawakumpa nafasi.

"Mwanao ametuvua nguo," mama wa biharusi akasema.

Akatoa simu. Kwenye skrini alikuwa biharusi jukwaani, nywele mgongoni, gauni lisilo na mikono. Picha hiyo ilikuwa imeingia kwenye grupu ya vijana wa kiume wa mtaa, ikatoka hapo ikafika kwa wajomba, ikafika mpaka kwa wazee wa msikitini anakoswali baba yake. Chini yake watu walikuwa wameandika maneno ambayo sitayarudia.

"Mimi sikuituma, mama. Wallahi."

Shangazi akadakia, "Mle ukumbini kulikuwa na kamera ngapi?"

Nikaitazama ile skrini.

"Nakuuliza. Ngapi?"

"Moja."

"Ya nani?"

Niliichukua ile simu nikaitazama picha vizuri, na nikaona kitu. Rangi ilikuwa ile niliyoisafisha mimi mwenyewe kwenye kompyuta. Hata waya wa taa uliokuwa nyuma ya kiti, nilioufuta siku nzima, haukuwapo. Ilikuwa mojawapo ya zile alizochagua yeye, na kwangu hazikutoka kwenda kokote isipokuwa kwenye flashi yake. Nikamweleza hivyo, kwa adabu, nikidhani nimepata njia ya kututoa sote kwenye aibu.

Uso wake ulibadilika. "Kwa hiyo unasema ni mimi? Mimi nimuuze mwanangu mwenyewe?"

"Sisemi wewe, mama. Nasema aliyeipata flashi…"

"Flashi iko nyumbani kwangu! Nyumbani kwangu kuna mwizi?"

Majirani walikuwa wameshakaribia. Mama yangu akaitoa miguu kwenye beseni, akasimama sakafuni akichuruzika maji. Nilimtazama nikingoja anitetee. Yeye ananijua. Alinilea chumba kimoja, hakuna siri yangu ambayo hakuilalia karibu.

Akasema, "Mwanangu, zifute. Zote. Wazione zikifutika, yaishe."

"Mama, sikufanya kitu."

"Najua. Zifute."

Nilifungua kompyuta juu ya meza ya kulia, mama yule na shangazi wakiwa wameniinamia mabegani. Nilifuta harusi yote. Shangazi akataka aone pia kwenye kadi ya kamera. Zile za kwenye kadi nilizifuta moja moja, kwa sababu alitaka kuziona zikiondoka. Ilipofika ile ya nyanya, kidole kilisita.

"Hii haimdhuru mtu," nikasema. "Hii aliniruhusu mwenyewe biharusi."

"Nywele zake hazionekani hapo?" shangazi akauliza.

Zilionekana. Nikabonyeza.

Kisha mama wa biharusi akaniapisha mbele ya mama yangu kwamba hakuna nakala niliyobaki nayo, na kwamba sitatafuta njia ya kuzirudisha. Nikaapa. Wakaondoka bila kunywa hata maji.

Rafiki yangu wa Tassia alipopata habari alinipigia. "Manze, usipige kitu kingine na hiyo kadi. Niletee leo. Kuna programu inarudisha."

"Nimeapa."

"Umeapishwa na watu waliokuonea! Hicho si kiapo."

"Nimeapa mbele ya mama yangu."

Akasema kwa hasira, "Basi kaa na kiapo chako." Ile kadi niliiweka kwenye droo, na baadaye nilipokuwa nimemaliza kusumbuliwa na tamaa, nikaitia kwenye kamera nikaijaza picha za watu wa pasipoti.

Simu za kazi zilikatika. Hakuna aliyenitukana. Walikuwa na maneno matamu tu. "Tumepata mtu mwingine, mpenzi." "Biharusi amebadilisha mawazo." Mwanamke mmoja niliyempigia picha dada zake wawili aliniona sokoni akavuta shela mpaka puani, kana kwamba nimebeba kamera machoni. Nikaanza kumshikia rafiki yangu taa kwenye harusi za kanisani, nimesimama pembeni kama mti wa kuanikia. Zile Jumapili za Tassia niliacha kwenda. Nilimwambia nina shughuli nyumbani, naye hakuuliza shughuli gani.

Na mama yangu tulizungumza kuhusu chumvi, sukari, nauli. Siku moja aliniambia, "Nilitaka waondoke mlangoni." Nikamjibu, "Waliondoka." Hatukuongeza.

Mwaka ulikuwa umepita yule biharusi alipokuja. Alikuja peke yake, amekonda, mtoto mgongoni. Nilimkaribisha ndani. Akakaa ukingoni mwa kiti, akanieleza akitazama sakafu.

Aliyeisambaza alikuwa mumewe. Wiki ileile niliyoikabidhi, akiwa kwa mkwe wake, alikuwa ameichomeka ile flashi kwenye kompyuta yake, akachukua picha, akawatumia rafiki zake wawili kuwaringishia mke aliyempata. Mmoja wao ndiye aliyeitupa kwenye grupu. Mumewe aliyajua haya siku zote. Alikuwa amekaa sebuleni siku mama mkwe wake alipokuwa akijifunga mtandio aje kwetu, akamwambia, "Mama, mkamshike vizuri huyo msichana." Mke aliugundua ujumbe wenyewe kwenye simu ya zamani, wakagombana, akakiri.

"Mama yako anajua?" nikamuuliza.

"Anajua."

"Amesema nini?"

"Amesema ni mume wangu, nimfichie."

Kwa hiyo bwana harusi alifichiwa. Kwangu mimi walikuja mlango ukiwa wazi.

Aliomba radhi, yeye aliyekuwa hana kosa. Kisha akauliza kwa sauti ya chini kama ile picha ya nyanya bado ninayo. Nyanya alikuwa hai, lakini hamjui tena. Akimshika uso huuliza ni mtoto wa nani.

Nilimweleza ilivyofutwa, na nani alikuwa amesimama nyuma yangu. Aliinama akalia, na mtoto akaamka akalia naye. Ningependa kusema nilimhurumia papo hapo. La. Kwanza nilifurahi kwamba na wao wamepoteza kitu. Huruma ilikuja nyuma, ikichechemea.

"Nataka jambo moja," nilimwambia. "Mama yako aliwaambia watu kwamba ni mimi. Awaambie haohao kwamba si mimi."

"Mama ni mtu mzima, dada. Unamjua."

Lakini aliahidi kumwambia. Jibu lililorudi lilikuwa mwaliko: mdogo wake anaolewa, na mama anataka nije nipige picha za kupamba. Mama yangu alisema huko ndiko kuomba radhi kwa watu wa namna ile, nisikatae. Nikaenda.

Mlangoni nilitoa simu yangu ikaingia kikapuni kama za wengine. Kisha msichana wa mlangoni akaomba afungue na mkoba wangu. Nikamwangalia mama mwenye shughuli, aliyekuwa hatua chache tu kutoka hapo. Akajishughulisha na sinia la mahamri. Nikaufungua mkoba.

Nilifanya kazi. Biharusi wa pili alikuwa mzuri, mpambaji alikuwa bora, taa zilikuwa nyingi. Nilipiga kila nilichoambiwa nipige, kwa mpangilio walioutaka, na sikugeuza kamera pembeni hata mara moja. Karibu na Magharibi, ngoma ikiwa imetulia ili watu wapate kula, yule mama alinishika bega akanisimamisha mbele ya wageni. Shangazi alikuwa amekaa safu ya mbele na sahani yake ya biriani.

"Huyu ndiye binti yetu wa picha," mama akatangaza. "Mkiwa na shughuli mwiteni huyu. Anajua kutunza siri za watu."

Wanawake wakatikisa vichwa kukubali. Shangazi naye akatikisa, akameza, akasema, "Kweli kabisa."

Sentensi nilikuwa nayo tayari: ile picha haikutoka kwangu. Nilikuwa nimelala nayo mwaka mzima. Nikamwona biharusi wa siku hiyo jukwaani, hajui lolote, anatabasamu kwa sababu wote wanatabasamu. Nikasema, "Ahsante, mama," nikarudi kwenye kazi. Picha za siku hiyo mama yule alizisifu sana.

Hiyo ilikuwa shughuli yangu ya mwisho ya kupamba. Sasa nawapigia wenye maduka ya jumla Eastleigh madera yao, yakiwa yametundikwa kwenye ukuta mweupe. Wao wanataka rangi itoke ilivyo, basi. Juzi nilipigiwa simu ya kupamba nikamwelekeza aliyepiga kwa mwanamke mmoja anayeanza kazi, aliyewahi kuniomba nimfundishe. Nilimwambia akimaliza awape wenyewe kila kitu, picha na kadi yenyewe, asirudi na kitu nyumbani.

"Hata moja niliyoipenda?"

"Hata hiyo."

Aliniangalia kwa namna mtu anavyomwangalia mwenye wivu, akashukuru, akaenda zake. Pengine hakukosea kuniona hivyo.