Bahari Ilipofika Jikoni

Nilipoolewa Kunduchi, nyuma ya nyumba ya wakwe zangu palikuwa na uwanja mpana wenye minazi, banda la kuku, jiko la nje na, karibu na ukuta wa nyumba, kaburi la baba mkwe. Ukishauvuka wote huo ndipo unaona maji. Mie ni mtu wa Masasi. Kwetu maji tuliyafuata mbali na ndoo kichwani, kwa hiyo wiki za kwanza nilikuwa naamka nikiisikia bahari, nadhani mvua inanyesha.

Mama mkwe ndiye aliyenizoesha. Maji yakipwa alinichukua hadi kwenye miamba, akanifundisha kumchokoa pweza kwa mti, na kumpigapiga jiweni mpaka alainike. Alikuwa mjane, mwembamba, mwepesi wa miguu kuliko mie. Pweza tuliyempata tulimkaanga, tukauza barazani, tukabakiza kitoweo. Nilimpenda kwa hilo. Lakini niliona pia bati zinavyoliwa na kutu, na kisima chetu kilivyokuwa cha chumvi hata chai haikunyweka. Wanangu walitoka vipele mwili mzima. Nikimlalamikia alicheka.

"Pwani ndivyo ilivyo, mwanangu. Inakupa kwa mkono huu, inakuchukulia kwa ule."

Kisha kiwanda cha nguo alichofanya kazi mume wangu kikapunguza watu, na yeye akawemo. Alirudi nyumbani na sare yake kwenye mfuko wa rambo. Toka siku hiyo nyumba nzima ilikula kwa pweza wa mama.

Mwaka huohuo jirani yetu aliuza kiwanja chake kwa tajiri aliyetaka kujenga hoteli. Malori yakaleta mawe makubwa, yakapangwa mstari kuingia baharini ili mchanga wa hoteli usichukuliwe. Kweli haukuchukuliwa. Ulijaa upande wake, na upande wetu bahari ikaanza kuchimba. Kila bamvua, zile siku maji yanapojaa kupita kawaida, tulipungukiwa na kitu. Ulianza mnazi mmoja, ukafuata wa pili, kisha banda la kuku. Asubuhi moja nilikwenda kuwasha moto nikakuta nusu ya jiko imeporomoka, na sufuria yangu ya wali inaelea.

Mjomba wa mume wangu alikuwa amempa kipande cha shamba Madale, kule kwenye vilima. "Tuhamie huko," mume wangu akasema. Akamwendea yule tajiri amwombe anunue na kiwanja chetu, apate cha kuanzia. Tajiri alikuja mwenyewe, akamwamkia mama vizuri, akatembea mpaka ukingoni, akachungulia chini.

"Ndugu yangu," akasema, "sasa hapa ninunue nini, maji?"

Hakuna mwingine aliyekuja kuuliza tena. Nikawa nalala nikiwa nimewavuta watoto upande wa barabara, mbali na ukuta wa nyuma, kana kwamba hatua hizo mbili tatu zingetusaidia.

Mume wangu alimsihi mama yake tuondoke hivyohivyo, bila kuuza. Jibu lake lilikuwa moja: "Na huyu nimwache na nani?" Alikuwa anaonyesha kaburi.

Bahari ndiyo iliyojibu. Ukingo ulipofika hatua chache kutoka kaburini, shehe wa msikiti wetu alisema dini inaruhusu kumhamisha maiti aliye karibu kuchukuliwa na maji. Wanaume walichimba baada ya sala ya alfajiri, wakakusanya kilichobaki, wakakivika sanda mpya na kwenda kukizika makaburini, ng'ambo ya barabara. Mama alikaa ndani mpaka wakamaliza. Siku ya pili mume wangu alianza kufunga vyombo.

"Fungeni vyenu," mama akasema.

"Lakini mama, baba ameshahama. Sasa unabaki na nani?"

"Nabaki na nafsi yangu. Mie hapa nikiamka nashuka pwani, narudi na kitoweo changu. Nani ananilisha? Huko mlimani nitakaa kibarazani, namsubiri mkeo anipakulie."

Mume wangu akanigeukia. "Na wewe unasemaje?"

Nikimfuata mume, namwacha bibi kizee peke yake katika nyumba inayoanguka. Nikibaki, wanangu wanalala bahari iko ukutani. "Sijui," nikamwambia, na kweli sikujua. Akaenda Madale peke yake kupanda mihogo, akawa anakuja siku za Ijumaa.

Ukuta wa chumba cha mama ulianguka mchana, sote tuko barazani tunamenya vitunguu. Kwanza ulipasuka, kisha ukalala taratibu, na tukaiona bahari kupitia mlango wa chumba chake. Hakuna aliyeumia. Mama aliingia akachukua mkoba wake wa kanga na msala, akatoka bila kugeuka. Tulipanga chumba ng'ambo ya barabara, na kesho yake maji yalipopwa alikuwa miambani kama kawaida.

Mume wangu alipomaliza kujenga Madale, wanangu wakahamia kwake wasome huko. Mie nikawa mtu wa kwenda na kurudi, napeleka pweza mkavu juu, nashusha mihogo chini. Sikupata usingizi mzuri popote. Nikiwa huku nawawaza wanangu, nikiwa kule namwona mama ameteleza mwambani.

Idi moja mama alikubali kuja Madale kutuona. Tulimchinjia kuku, watoto wakamwosha miguu. Alisifu kila kitu: maji matamu, hewa nzuri, mihogo inayoiva ikawa laini kama unga. Asubuhi nilimkuta ameshajifunga kanga, mkoba uko magotini.

"Nirudishe, mwanangu. Leo maji yanapwa mapema."

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni. Hakumtazama mama yake, alinitazama mie. Watoto walikuwa bado wanakunywa chai. Niliuchukua ule mkoba, nikamshika mama mkono, tukaanza kuteremka kilima, yeye akinihimiza nikaze mwendo.