Mtani Aliyevaa Koti la Marehemu

Juzijuzi nilikuwa msibani Mafiga. Tulikuwa tumetoka kumzika mzee mmoja, mkulima wa kabichi wa Mgeta, na mjane wake hakuwa ametia kitu mdomoni tangu asubuhi.

Mara akaingia mtani wa ukoo, ambaye mila humruhusu kumwigiza marehemu hata msibani, amevaa koti la marehemu. Akakohoa kama yeye, akajikuna kisogo kama yeye, akafoka: "Chai yangu iko wapi? Nimeondoka kidogo tu, mmeshanisahau?"

Wanawake wakaangua kicheko. Mjukuu wa marehemu, mwanafunzi wa Mzumbe anayeandika blogu ya Kikristo, akasimama na kunyoosha mkono. "Ushindwe! Huu ni upagani!"

Mtani akaanza kuvua koti.

"Usilivue, baba," mjane akasema, akifuta machozi kwa upindo wa khanga. Akamgeukia kijana. "Mjukuu wangu, umeniombea vizuri tangu asubuhi. Lakini huyu kanirudishia babu yako kidogo. Haya, nileteeni uji."

Blogu ile naifahamu. Kazi yake ilikuwa kukemea ngoma, unyago na matambiko. Wiki hii nimeikuta na kichwa kipya: "Kanisa na Mila Zetu". Makala ya kwanza inauliza ni nani aliyetumwa na Mungu kumlisha bibi siku ile. Wapo watakaosema kijana amelegea. Mimi naona ameanza kuwatazama usoni watu anaowahubiria.

Chini yake ametoa maoni mtu mmoja tu, yule mtani: "Umeandika vizuri. Siku yako ikifika, nitakuigiza unavyokemea."