Breki ya Nyuma Kwenye Mteremko wa Busi

Nilitumwa Busi kukagua josho. Wafugaji walikuwa wameandika kwamba ng'ombe wanaogeshwa lakini kupe hawafi, na ofisi yetu ya mifugo mjini Dodoma ilitaka kujua kama dawa ni dhaifu au josho linavuja. Landrova ya ofisi ilikuwa juu ya mawe, haina matairi. Nikapewa pikipiki.

Jioni ya kuamkia safari nilikagua breki ya nyuma. Kanyagio lilizama kupita kiasi, na mshale mdogo kwenye mkono wa breki ulikuwa umevuka alama. Maana yake brek shuu zimekwisha, vile vipande viwili vilivyopinda kama mwezi mchanga vinavyotanuka ndani ya gurudumu na kulishika. Miaka michache nyuma ningeandika barua stoo na kungoja miezi. Lakini sasa biashara ilikuwa imefunguliwa, na maduka ya Majengo yalijaa vipuri ndani ya maboksi yanayong'aa. Nikachukua jozi ya kwanza niliyoonyeshwa, sikuigeuza hata mara moja. Nikaifunga mwenyewe. Zile zilizokwisha nikazizungushia gazeti na kuzitia kwenye mfuko wa spana, kwa kuwa stoo ilitaka kurudishiwa kila kipuri kilichotolewa.

Saa kumi na mbili asubuhi niliondoka. Baada ya Makutupora na mizabibu yake, barabara ikawa vumbi na mawe, na vichaka vya miiba pande zote mbili. Breki ilishika vizuri.

Haneti nilifika saa tatu na nusu, nikasimama kunywa chai. Mwanamke wa makamo, mkoba mkononi, akanijia.

"Habari za safari, kaka? Unaelekea wapi?"

"Nzuri, dada. Naenda Busi."

Akajitambulisha: Mwalimu Mwanaidi, anafundisha pale jirani. Alfajiri dereva wa lori alimletea habari kwamba baba yake amefariki usiku huko Busi, na watazika baada ya swala ya adhuhuri. Lori lenyewe lilikuwa likiteremka Dodoma, na gari la kwenda Busi lisingepatikana hadi siku ya mnada.

"Najua hii ni pikipiki ya serikali," alisema. "Nataka niuone uso wake tu, kabla hawajamfunika."

"Pole sana, Mwalimu. Panda."

Saa tano kasoro tulikuwa tumeingia vilimani. Kila tulipoteremka nilikanyaga breki, na kila nilipokanyaga kulikuwa na mkwaruzo mdogo. Mwalimu akaniinamia sikioni.

"Kaka, kuna kitu kinaungua."

"Ni breki mpya, Mwalimu. Zinazoea."

Sikusimama. Nilikuwa nawaza muda.

Kwenye mteremko wa mwisho mrefu nilikanyaga, na kanyagio likaenda mpaka chini bila kushika chochote. Nikabana breki ya mbele. Gurudumu likateleza kwenye changarawe, tukaingia kwenye ukingo wa barabara, tukaanguka. Nilipoinuka, Mwalimu alikuwa ameketi ameshika goti, damu ikipenya kwenye kanga.

"Umeumia?"

"Nimeumia. Washa twende. Breki ya mbele si ipo?"

Niliutazama ule mteremko. Kona zilikuwa tatu, na changarawe ile ile.

"Siwezi kukupakia tena hapa, Mwalimu."

"Basi mimi natembea."

Nikaisukuma pikipiki hadi kwa mkulima aliyekuwa akipura uwele karibu na njia, nikamwomba ailinde, nikamkimbilia Mwalimu na kumpokea mkoba. Alichechemea njia nzima. Kila nilipomwomba apumzike alisema, "Twende."

Busi tuliingia wakati wanaume wanarudi kutoka makaburini, udongo mwekundu mikononi. Mmoja wao alikuwa Hamisi, mdogo wake.

"Dada, tulikungoja mpaka ikashindikana," alisema. "Hatukujua kama ujumbe umekufika."

Mwalimu alimpita, akaelekea nyumbani. Wanawake walikuja wakamshika, wakaingia naye ndani. Hakuwaeleza kwa nini amechelewa. Nilimweleza Hamisi mimi, pamoja na ile harufu na jibu nililotoa. Alisikiliza hadi mwisho.

"Lala kwanza," akasema. "Kesho nitakupeleka kwa fundi."

Asubuhi tuliifuata pikipiki, tukaisukuma hadi kwa Mzee Salimu, fundi wa baiskeli na majembe ya kukokotwa na ng'ombe. Alifungua gurudumu, vikamwagika vipande vyeusi. Utando wa breki, ule unaosugua gurudumu, ulikuwa umebanduka wote, kama ganda la mti mkavu.

"Imebandikwa kwa gundi mbaya," alisema. "Ungeichokonoa kwa kucha dukani, ingekuambia."

Nikamtolea zile za zamani. Akakata utando kutoka kwenye breki iliyotupwa ya lori, akaupigilia kwenye hizo kwa ribiti za shaba, vile vimisumari vifupi, akazizamisha vichwa, akasugua kingo kwa msasa. Akafuta vumbi lote ndani ya gurudumu, akarudisha springi, akakaza nati ya breki kidogo kidogo huku akilizungusha gurudumu, mpaka likawa linazunguka bila kugusa na linasimama mara breki ikikanyagwa. Kazi ile ilikula asubuhi nzima.

Siku ya tatu nilimaliza josho: lilikuwa na ufa, maji ya mvua yalikuwa yakiingia na kuizimua dawa. Baada ya khitma Mwalimu alitaka kurudi shuleni, na hakukuwa na chombo kingine.

Hakupanda mara moja. Alichora mstari barabarani kwa kisigino.

"Nenda kule juu, ushuke, usimame hapa."

Nilishuka, nikasimama.

"Tena."

Mara ya tatu alimpakia Hamisi nyuma yangu. Tuliposimama kwenye mstari, akafunga kanga yake vizuri, akapanda.

Katika safari ile nilijifunza kuvua gurudumu na kutazama kwa macho yangu kabla ya kumpakia mtu, na kwamba upya wa kitu si ushahidi wa lolote. Nilitaka kumwambia hayo, pamoja na pole ambayo nilikuwa sijaitoa kama inavyostahili. Haneti aliteremka, akachukua mkoba wake.

"Ahsante kwa kunirudisha," alisema.

Kumpeleka hakukutaja.