Niliwazuia kumpa jirani dawa alizoacha Susu, na bado nawaza

Wakuu, habari zenu. Nimeandika hii nikafuta, nikaandika tena. Yote ni ya kweli, majina tu ndiyo nimebadilisha.

Mimi ni graduate wa economics wa juzi, bado natafuta kazi, niko nyumbani Machakos upande wa Kola. Susu, yaani nyanya yangu, alituacha mwaka huu. Alikuwa na presha.

Baada ya mazishi tulikaa kugawa vitu vyake. Leso, viondo, jembe, kila kitu kikapata mwenyewe. Kisha Aunty Mbithe akatoa mkebe wa majani chai uliojaa vidonge.

"Hizi apewe Mama Katunge. Si pia yeye ako na presha?"

Mama Katunge ni jirani, rafiki wa Susu tangu wakiwa wasichana. Dawa zake zilikuwa zimeisha, na zahanati walikuwa wamemwambia stock haijafika. Alikuwa amekaa papo hapo nasi, ameshanyoosha mkono.

Nikasema, "Ngojeni kwanza."

"Ehe! Daktari wetu wa economics ameamka," mjomba akasema. Watu wakacheka. Mama Katunge hakucheka.

Mnijue nilivyo: kichwani nilikuwa nimeshamwona akianguka shambani kwa kuzimeza. Halafu nikamwona akianguka kwa kuzikosa. Zote mbili makosa yangu.

Kesho yake nikabeba mkebe hadi zahanati. Nilidhani watazikagua, kisha wampe kwa njia halali.

Muuguzi alikataa, lakini kwa upole. Dawa ikishapewa mgonjwa hairudi kwa shelf, hata ikionekana safi, kwa sababu hakuna anayejua ilikaa wapi. Ya Susu ilikaa juu ya meko, kwa moshi na joto. Hata dawa za msaada, zile za wafadhili, alisema, huja zikiwa hazijafunguliwa, expiry ikiwa bado mbali, na hupitia kwa wafamasia wanaojua zilikotoka. Tena dawa ya presha kila mtu huandikiwa yake. Akaniambia nimwachie waziharibu wao, nisizimwage chooni. Stock ilikuwa imefika, kwa hivyo nimlete jirani mwenyewe apimwe.

Kisha akachungulia mkebe tena.

"Kwani huyu nyanya alikuwa anameza lini? Hizi ni nyingi sana."

Nilirudi na hilo swali nyumbani.

Mama Katunge aliponiona mikono mitupu alikasirika. "Umeninyima za rafiki yangu, na yeye mwenyewe angenipa!" Nilimbembeleza mpaka akakubali twende. Alininunia njia nzima.

Presha yake ilikuwa juu. Akapewa dawa zake, na hazikuwa aina ile ya Susu.

Tulipofika kwake, akazimwaga mezani, akazigawa mafungu mawili. Fungu moja akalifunga kwenye pembe ya leso.

"Mama, hizo ni za nini?"

"Za akiba. Siku wakisema hakuna, mimi niko nazo. Leo unameza, kesho unaruka. Ni susu wako alinionyesha."

Wakuu, nilikaa chini.

Nikamwambia polepole, "Zile za mkebe pia zilikuwa za akiba."

Aliangalia boma letu ng'ambo ya ua. Kisha akafungua lile fundo, akazirudisha zote kwa paketi, akaomba maji.

Sijui kama kuruka dawa ndiko kulikomwondoa Susu. Nilimuuliza muuguzi, naye akasema hawezi kujua. Nimejaribu kuacha kuwaza, sijaweza.

Nilichojifunza ni hiki: sheria ya kutopeana dawa iliyobaki niliiona ya roho ngumu, lakini sisi tulikuwa tunabishana nani apewe kabla hata ya kujiuliza kwa nini zilibaki.

Wenye wazee nyumbani, hebu chungulieni ile mikebe yao, mje mniambie mmekuta nini. Na kama kuna mfamasia humu, nikosoe nilipokosea, sitakasirika. Nitawaza tu.