Kila Ukishinda Unaongezewa Farasi

Wewe ninayekuaminia siri za nyumba yangu, sogea nikueleze. Hili sijamsimulia mtu likaisha. Nikifika katikati naishia kusema tutaongea siku nyingine.

Binti yangu ana miaka ishirini na tatu, ni fundi pikipiki. Kajifunza mwenyewe hapahapa Chuno, kwa kufungua na kufunga injini. Gereji zote alizoomba kazi walimcheka. Mwaka huu mwenye gereji moja kubwa akatangaza kwamba atakayeshinda kundi la pikipiki ndogo, Jumapili ya nne ya mashindano, atampa kazi ya ufundi. Mwanangu aliposikia hakulala. Mimi nilianza kufunga Jumatatu na Alhamisi kwa ajili ya nafasi hiyo.

Mashindano yenyewe ni mbio fupi za kunyooka, pikipiki mbili mbili, kwenye kipande cha barabara katikati ya mikorosho, upande wa Mpapura. Pikipiki zinagawanywa kwa nguvu ya injini, wenyewe wanaita farasi. Kundi dogo mwisho farasi kumi na mbili. Ya mwanangu, karatasi ya kiwandani inasema kumi. Sasa kamati ina sheria yake: kila ukishinda Jumapili moja, wanakuongezea farasi mmoja kwenye daftari. Injini ni ileile, lakini wao wanaandika kumi na moja. Ukizidi kumi na mbili unahamishiwa kundi kubwa.

Nisijifanye mwema. Mwaka jana sheria hiyo ilipotungwa niliipigia makofi. Kulikuwa na kijana mmoja alichonga injini yake ipate nguvu zaidi, akawa anashinda peke yake kila wiki, mpaka watu wanaondoka kabla mbio hazijaisha. Walipomhamisha nilisema Alhamdulillah, na wengine nao watapumua. Sikufikiria kwamba sheria haijui kutofautisha aliyechonga injini na aliyejua kuendesha.

Jumapili ya kwanza mwanangu akashinda. Ya pili akashinda. Daftari likasoma kumi na mbili.

Wiki hiyo tulikuwa tunamenya mihogo jikoni. Akaniuliza bila kuniangalia, "Mama, nikikanyaga breki kidogo mwishoni, ni dhambi?"

"Breki ya nini?"

"Nikishinda Jumapili hii nafika kumi na tatu, wananitoa. Fainali, Jumapili ya nne, sipo. Yule wa pikipiki nyekundu ndivyo anavyofanya. Humwoni? Anaongoza, halafu karibu na mstari anajishika."

Nilikuwa nimemwona. Taa yake ya nyuma iliwaka hatua chache kabla ya mstari, mara zote mbili. Pikipiki yake ni aina ileile ya mwanangu, na kwenye daftari bado ilikuwa kumi.

Nikamwambia, "Huo ni uongo, mwanangu."

"Sitasema neno, Mama."

"Mguu utakuwa umesema. Wewe kimbia kwa haki, riziki ina Mwenyewe."

Akamaliza muhogo wake, akachukua mwingine. Jumapili akakimbia kwa haki, akashinda. Watu wakashangilia, na mimi nikiwa katikati yao nalia, maana nilijua nimefanya nini.

Jumatatu nilikwenda darasani. Nasoma masomo ya jioni, shule niliachia la saba. Mwalimu alishatufundisha kwamba nguvu ya injini unaijua kwa mzigo inaoupandisha na muda inaoutumia. Nikasema basi, tupime. Baba wa mwanangu alikuwa ametuletea gunia la mihogo kutoka shambani Mahurunga. Tukalifunga kwenye pikipiki ya mwanangu, akapanda nalo kilima cha mchanga, mimi juu nimeshika saa ya simu. Kisha tukaazima ya jirani, aina hiyohiyo, haijawahi kuguswa. Gunia lilelile, na mwendeshaji ni yeye. Tukarudia mara tatu. Zilikuwa sawa, tofauti haifiki kupepesa jicho. Injini yake ni farasi kumi. Aliyekuwa anashinda ni yeye mwenyewe, namna anavyolala juu ya tangi na anavyobadili gia.

Niliandika kila kitu kwa mwandiko wangu mzuri, nikampelekea mwenyekiti wa kamati asubuhi ya Jumapili ya nne. Akasoma mpaka mwisho, hilo namshukuru.

"Mama, hizi ni mbio au tunapeleka mihogo sokoni?" Waliokuwa karibu wakacheka.

"Mwenyekiti, nakuomba. Pima hata sasa hivi. Zote, na ile nyekundu."

Akashusha sauti. "Dada yangu, nimekuelewa. Lakini sheria haiulizi kwa nini umeshinda. Inauliza umeshinda mara ngapi. Nikimrudisha wako, kesho watakuja kumi na magunia yao. Tutaliangalia msimu ujao."

"Msimu ujao nafasi ya kazi itakuwepo?"

Akafungua daftari, akaanza kupanga makundi.

Mwanangu akapangwa kundi kubwa. Mbio ya kwanza tu akaachwa mbali na pikipiki kubwa, vumbi likamfunika, nikawa simwoni. Kwenye kundi dogo, ile nyekundu ikapita mstarini peke yake. Safari hii taa ya nyuma haikuwaka. Mwenye gereji akampa mkono mshindi mbele ya watu.

Yule kijana wa pikipiki nyekundu alipotupita akamwambia mwanangu, "Dada, si ungepumzika kidogo kama sisi? Haraka ya nini?" Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana iliniuma zaidi.

Tangu siku hiyo naswali, nikifika kwenye dua maneno hayatoki. Naweka paji la uso chini, nabaki hapo. Sijaacha kuamini kwamba uongo ni uongo. Lakini aliyelipa ni mwanangu, siyo mimi. Juzi nimemsikia anatengeneza pedali ya breki, anaijaribu, anaijaribu tena. Nikamuuliza. Akasema, "Msimu ujao nitajiandikisha. Na safari hii, Mama, usije kunitazama."

Nilimwambia sikubali. Sauti yangu nilivyoisikia, hata mimi isingenishawishi.

Kabla hawajafungua daftari jipya, nakuomba kitu kimoja. Kama unamjua yeyote anayekaa kwenye kamati kama hizi, za pikipiki au za shughuli yoyote inayopanga watu kwa makundi, msomee haya. Kama humjui, mpe jirani yako, huenda yeye anamjua. Waambieni wapime injini. Wasisubiri mpaka watoto wetu wajifunze kushindwa kwa makusudi.