Herufi za saluni kwenye msalaba wa bibi

Jumamosi. Mvua tangu asubuhi, na ukungu haukuinuka. Pale Msasani, ile ya huku kwetu milimani, nimepita duka linalopakwa rangi, na harufu ya rangi ya mafuta ikanirudisha utotoni, siku msalaba wa bibi ulipoandikwa. Sijui kama nitaeleza vizuri.

Fundi alikuwa ndiye mwandishi wa mabango ya saluni kule Kiwira. Alichovya brashi, akashusha mkono bila kusita. Mstari ulianza mnene, ukapinda, ukaisha mwembamba kama unyoya, kisha ukashika herufi iliyofuata. Mimi nilisahau hata kulia.

Baba mkubwa akafoka, "Wewe fundi, hapa ni saluni? Futa! Andika herufi za kusimama, kama makaburi ya watu."

Nisimwonee, hoja alikuwa nayo. Aliyekufa ni mama yake, na waombolezaji walikuwa wameshajaa uani.

Shangazi akasimama mbele ya msalaba. "Kaka, mama aliwahi kwenda kanisani bila hereni? Mwanamke mrembo vile, unataka aandikwe kama gunia la mbolea?"

Kina mama wakacheka, hapo hapo msibani. Baba mkubwa akalisogelea lile jina, akalisoma upya.

"Basi mchoree na mkia chini ya jina," akamwambia fundi. "Kama ni kupamba, mpambe sawasawa."

"Ndaga, kaka," shangazi akashukuru, na hapo ndipo akalia.

Tulimzika rangi ikiwa mbichi.

Leo jioni tumekula ndizi kwa maharage, na parachichi.